Maz Kanata: Uso wa Oscar Uliotupwa

Turudi kwenye baa ya Maz Kanata, Star Wars: The Force Awakens. Maz anarekebisha miwani, anapanda mezani na kumsogelea Finn amsome macho. Shoti nzima imesimama juu ya macho, na macho yenyewe ni ya kompyuta! Lupita Nyong'o kabandikwa vidoa usoni, kamera ya kofia imenasa kila msuli, halafu mwongozaji J.J. Abrams kafunika kila kitu kwa kibibi cha rangi ya chungwa chenye umri wa miaka elfu.

Hiyo ni Desemba 2015. Machi 2014 jirani yetu huyu wa Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, alikuwa amebeba Oscar kwa kumcheza Patsey wa 12 Years a Slave. Mnaikumbuka ile shoti ya sabuni: Patsey, mtumwa, anamwonyesha bwana wake Epps kipande alichokwenda kukiomba, na hasira, uchovu na aibu vinapita usoni kwa pamoja. Uso wa namna hiyo unaufichaje? Tena Aprili 2016 wakampa Raksha, mbwamwitu wa The Jungle Book: sauti tupu. Mwenyewe alieleza kwamba alitaka kazi isiyotegemea umbo lake. Hoja naielewa, ila siikubali.

Kwetu Nyamisangura, upande huu wa mpaka, hasara ni mara mbili. Kibanda umiza kinaonyesha filamu iliyotafsiriwa, na DJ anayetafsiri anamfunika kila mtu; mama, mtoto na mbwamwitu wote wana sauti yake. Sauti ya Lupita ikishazimwa, mtazamaji amebakiwa na uso tu, na uso wenyewe haupo.

Mfaransa Renée Falconetti aliibeba filamu nzima ya Jeanne d'Arc mwaka 1928, bila sauti, klozapu juu ya klozapu, na chozi likishuka unaliona. Mama Kayai wa kipindi cha Vitimbi alikuwa akimnyamazisha mumewe Ojwang' kwa kumkata jicho tu. Wasanii wetu wa Bongo Movie wanaolia na wanja ukabaki palepale wangeanzia hapo.

Lupita alipoachiwa uso wake kwenye Queen of Katwe ya Mira Nair, 2016: kazi safi.

Mwaka 2019, kwenye Us, Jordan Peele alimpa Lupita nafasi za Adelaide na Red, watu wawili kwa uso uleule, na ukiwatazama huwachanganyi. Uso huo Abrams alikuwa nao miaka minne kabla, akaukabidhi kwa mafundi wa kompyuta.