Kamera Ilikuwa ya Nani?

Mahojiano na waongozaji filamu vijana yana swali moja lisilokosekana: ulianza lini? Jibu karibu kila mara linarudi utotoni. Alikuwa na miaka saba, akawapanga wadogo zake uani, akawagawia nafasi za kuigiza, kuku wakawa jeshi la adui. Tunaosoma tunatabasamu, kwa sababu yote yaliyofuata, tuzo na tamasha na tiketi ya ndege, yanaonekana yalikuwemo tangu siku ile ya kuku. Ninaandika tasnifu ya umahiri kuhusu namna filamu zinavyosimulia utoto wa wasanii, na nimeshasoma mahojiano ya aina hii mengi kuliko yanavyofaa kwa afya. Ni nadra kukuta mtu akiuliza swali la pili: kamera ilikuwa ya nani?

Filamu inayolijibu vizuri zaidi, sijui kama kwa makusudi, ni The Fabelmans ya Steven Spielberg, ya mwaka 2022. Sammy Fabelman ni Spielberg mwenyewe aliyebadilishwa jina. Aliiandika pamoja na Tony Kushner, na ilitoka baada ya wazazi wake wote wawili kufariki, mama mwaka 2017 na baba mwaka 2020. Mwanzoni, mwaka 1952, mtoto anapelekwa sinema na kuona treni ikigonga gari na kupinduka. Hofu inamwingia haimtoki. Akipewa treni ya kuchezea, anaigongesha tena na tena. Baba analalamika kwamba kitu cha thamani kinaharibiwa. Mama anaelewa zaidi: chukua kamera ya baba, ipige ajali mara moja tu, kisha itazame kadiri unavyotaka mpaka isikutishe.

Ni onyesho zuri, na wengi wanalisoma kama siku msanii alipozaliwa. Mimi, kila nikilitazama, nahesabu vitu. Treni ya umeme. Kamera ya milimita 8. Projekta. Mkanda wa filamu, ambao rola yake moja iliisha kwa dakika kama nne na ilibidi inunuliwe, kisha isafishwe. Arnold Spielberg, baba halisi, alikuwa mhandisi wa kompyuta wakati ambapo watu wengi hawakuwahi kuiona kompyuta kwa macho. Steven alipofika miaka 17 alionyesha filamu yake ya zaidi ya saa mbili, Firelight, katika ukumbi wa mjini Phoenix. Hiyo ilikuwa mwaka 1964. Miaka minne baadaye filamu fupi ya dakika 26, Amblin', ilimpatia mkataba Universal.

Sisemi kipaji hakikuwepo. Kijana anayetoboa matundu madogo kwenye mkanda wa filamu ili bunduki za bandia za skauti wenzake zitoe mwanga ana kitu ambacho pesa ya baba hainunui. Lakini kile kitu kilihitaji mkanda wa kutoboa.

Sehemu ninayoiheshimu zaidi iko katikati. Bibi amefariki, mama hana raha, na baba anamwomba Sammy atengeneze filamu ya safari yao ya kambi ili imchangamshe. Anamnunulia hata mashine ya kuhariria. Kijana anakaa chumbani kurudisha picha nyuma na mbele, na kwenye pembe za fremu anaanza kuona alichokuwa hakukiona kambini: mama yake na Bennie, rafiki wa baba, mikono yao, ukaribu wao. Pale msituni alikuwepo kwa macho yake mawili na hakujua. Anatengeneza filamu mbili. Ya kwanza, safi, anaionyesha familia. Ya pili, yenye vipande alivyovificha, anamwonyesha mama peke yake ndani ya kabati la nguo, yeye akisubiri nje.

Hapa Spielberg anasema jambo ambalo hadithi za kuku uani hazisemi kamwe. Ubunifu wa utotoni si kitu kitamu tu. Mtoto anagundua kwamba mkasi wake unaweza kumlinda mtu na unaweza kumwumiza, na kwamba yeye ndiye anayechagua. Baadaye, shule ya California, anampiga picha mwanafunzi aliyemnyanyasa kwa Uyahudi wake na kumfanya aonekane kama shujaa wa kale. Yule kijana badala ya kufurahi analia na kumkasirikia, kwa sababu anajua hawezi kufanana na mtu aliyeko kwenye skrini. Sijaona mahojiano yoyote ambamo mwongozaji kijana anaulizwa: utotoni, kwa hiyo kamera yako, ulimwumiza nani?

Nina sababu ya karibu ya kulalamika. Rafiki yangu alikuwa akijaza fomu ya kuomba nafasi kwenye mafunzo ya filamu, na kipengele kimoja kilimtaka aeleze tukio la utotoni lililomfanya ajue yeye ni mtengenezaji filamu. Alikaa nacho siku mbili. Alikulia kwenye nyumba isiyokuwa na kamera wala televisheni. Alichokuwa nacho ni kibanda umiza cha mtaani, ambako aliyekuwa na hela aliingia, na jioni akawasimulia waliobaki nje. Yeye ndiye aliyekuwa msimuliaji, kwa sababu aliweza kuigiza stelingi na adui kwa sauti tofauti na hakuruka ngumi hata moja. Aliniuliza kama hiyo inahesabika. Nilimwambia hiyo ni kuhariri. Hakuiandika. Aliandika habari ya kamera ya mjomba, mjomba ambaye hayupo.

Ndiyo maana huwa nairudia Supa Modo ya Likarion Wainaina, filamu yake ya kwanza ndefu, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Berlin mwaka 2018. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, anapenda filamu za mapigano na anataka kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Dada yake, Mwix, anaanza kumdanganya kwamba nguvu anazo, na kijiji kizima kinaingia kwenye uongo huo. Kwenye mpira wa miguu, Jo akiamuru, wachezaji wanaganda kama sanamu. Unacheka, halafu unakumbuka kwa nini wanaganda.

Jo, kumbe, alijua. Mtoto aliyekulia kwenye filamu hashindwi kutambua maigizo. Anachotaka ni kwamba kama ni maigizo, basi yawe filamu kweli, na yeye awemo. Kijiji kinaitengeneza, kwa nguo za kushona na ujanja wa hapa na pale. Weka hilo kando ya chumba cha Sammy. Kule mtoto yuko peke yake na mashine yake. Hapa mtoto ana wazo na wengine wana mikono, na filamu inakuwa mali ya kila aliyebeba kitu.

Hata mazingira ya kutengenezwa kwake ni hivyo. Ilitoka kwenye warsha za One Fine Day Films ya Ujerumani na Ginger Ink ya Nairobi, zilizotupatia pia Soul Boy ya Hawa Essuman na Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga. Sifa ya uandishi wamegawana watu kadhaa. Kuna wanaoguna kwamba pesa ya nje inachagua hadithi gani ya Kiafrika isimuliwe, na sioni ubaya wa kuguna. Mtoto maskini anayekufa ni mhusika anayependwa sana na matamasha ya Ulaya. Muziki nao unatusukuma kulia mapema kuliko inavyostahili, na mama wa Jo, aliyechezwa vizuri sana na Marianne Nungo, angestahili dakika kumi zaidi za hasira yake.

Lakini Wainaina anafanya jambo moja ambalo wote tuliokulia kwenye vibanda tulijua haliruhusiwi. Tulifundishwa kwamba stelingi hafi. Jo anakufa kabla ya kuiona filamu yake, na inaonyeshwa kijijini bila yeye. Kwenye skrini bado anaruka, kofia na kitambaa begani, na huku chini wamekaa watu wanaojua kila hila iliyotumika, kwa sababu ni wao walioifanya. Wanatazama hivyohivyo, mpaka mwisho.