Umenona: kilo za nini?

Mwaka jana nilirudi Bukavu kutoka Walungu, kisha miezi mine ya kazi ya shamba. Sijafika hata kuweka begi chini, mama mukubwa akaniangalia toka kichwa mpaka miguu. « Eh mama, unakonda hivi juu ya nini? Huko hawakulishaka? » Kisha akapunguza sauti: « Ulishapima? » Nyinyi wote munajua alimaanisha kupima nini.

Nilikuwa muzima kabisa. Miezi mine nilipanda na kushuka milima kwa miguu, nilikula maharage karibu kila siku, malaria haikunigusa. Katika ile ile sebule, dada yangu, binti wa mama mukubwa, alikuwa amekaa kwenye kiti, mashavu yamejaa, shingo imejaa, na kila mugeni aliyeingia alimupongeza: « Weye njo uko na afya! Bwana ya arusi anakutunza! » Ni yeye alikuwa mugonjwa. Hakuna aliyejua.

Ninaandika hii juu ya ile sebule, na juu ya maneno tunayosikia toka utoto: kunona ni afya, kukonda ni ugonjwa ao umaskini. Siku hizi kuna kundi la pili, wengi wao ni sisi wenyewe wenye diploma na telefone, wanaogeuza tu ile sentensi: kukonda njo afya. Nitafika kwao. Kwanza niseme kitu nilichofundishwa ku fakilte, na ambacho nilisahau kukitumia nyumbani.

Wale walipita agronomi wanakumbuka. Unaleta muhogo mubichi ku maabara, unapima. Unaukata vipande, unaviweka ndani ya tanuru kwa digrii 105, unapima tena, unarudisha, unapima tena, mpaka namba haishuke. Kile kinabaki njo kitu kikavu. Katika kilo 100 za muhogo mubichi, kilo 60 na zaidi ni maji. Profesa wetu alikuwa anakasirika sana mutu akileta namba ya mavuno bila kusema kama ni mabichi ao makavu. « Kilo za nini? » anauliza, na ukikosa jibu unakaa chini mbele ya promosio nzima.

Mama za soko la Kadutu hawakuhitaji profesa. Mutu akiwaletea mahindi, wanaingiza mukono mpaka chini ya mufuko, wanatoa punje, wanaiuma kwa meno. Ikilainika, bei inashuka, juu hakuna mutu analipa feza kwa maji. Ila yule yule mama akirudi nyumbani na kukuta mashavu ya binti yamejaa, haulizi kilo za nini. Anashukuru Mungu.

Kule Walungu tulikuwa tunalima bustani karibu na kituo cha afya, pale wanatunza watoto wenye utapiamlo: lengalenga, soya, maharage. Huko nilimuona mutoto wa miaka miwili, uso wa duara, miguu minene, tumbo mbele. Nyanya yake alisema kwa wiki mbili walikuwa wanafurahi, walidhani anaanza kunona. Ilikuwa bwaki. Infirmie alibonyeza kidole juu ya muguu wa mutoto, akakitoa, na shimo likabaki pale pale, sawa vile kwenye bugali iliyopoa.

Kwetu Kivu ya Kusini bwaki si jambo la vitabu. Ku Lwiro, katika Kabare, waganga na wachunguzi waliifanyia kazi miaka na miaka. Jina ambalo dunia inatumia, kwashiorkor, lilitoka katika lugha ya Ga ya kule Ghana; daktari Cicely Williams aliliandika katika gazeti la waganga mwaka 1935. Wenyeji walisema ni ugonjwa unaomupata mutoto wakati mwingine anazaliwa nyuma yake: anaachishwa ziwa, anabakia na uji ao bugali tupu. Sasa angalieni unga wetu wa muhogo: katika gramu 100, protini ni gramu moja ao mbili. Maharage makavu yanapita 20. Wachunguzi wanabishana mpaka leo juu ya sababu zote za ule uvimbe, na protini peke yake haitoshe kuueleza, lakini hakuna hata mmoja anayesema ule unene ni afya.

Kilichonishangaza zaidi kilikuja siku ya tano. Mutoto akianza kupona bwaki, kilo zinashuka kwanza, juu maji yanatoka mwilini. Mama yake alikuwa anafuata namba kwenye karatasi: aliingia na kilo 9 na gramu 200, sasa ni 8 na 400. Nilimukuta ameshafunga mutoto mugongoni, kitambaa kimekazwa, anaelekea ku mulango. « Muko munamumaliza mutoto wangu, » alisema. Infirmie hakubishana naye. Alishika kidole cha yule mama na kukibonyeza juu ya muguu wa mutoto, pale pale pa siku ya kwanza. Shimo halikukuwa tena. Mama aliangalia ule muguu mudogo, mwembamba, kwa muda murefu, kisha akafungua kitambaa na kukaa.

Wangapi wanaendaka zao kabla mutu hajawashika kidole?

Sasa mujue: nilitoka pale, nikaingia ile sebule Bukavu, nikamuangalia dada yangu, na sikuona kitu. Hata mimi nilimuambia « unapendeza ».

Vidonge vyake vilikuwa ndani ya sakoshi, katika kifuko cha plastiki bila karatasi. Huko Kinshasa mchanganyiko wa namna ile unajulikana kwa jina la C4, na huku kwetu unauzwa bila mutu kuuliza chochote. Mara nyingi ndani muko siproheptadini na deksametazoni. Ya kwanza ni dawa ya alerji ambayo inaongeza hamu ya kula. Ya pili si muchezo. Ni dawa ya nguvu ya kundi la kortizoni: mwaka 2020 uchunguzi mukubwa wa Uingereza ulionyesha inaokoa wagonjwa wa Covid waliokuwa wanahitaji oksijeni. Mikononi mwa munganga inaokoa. Ukiimeza miezi na miezi ili upate mashavu, inahamisha mafuta kwenda usoni, shingoni na tumboni, na wakati huo inakula misuli ya mikono na mapaja. Inapandisha sukari na tansio, inadhoofisha mifupa, inalaza kinga ya mwili. Dada yangu alikuwa anajaa uso huku hawezi kupanda ngazi za nyumbani bila kushika ukuta. Sisi tulisema ni uzito wa raha.

Kuna kitu wauzaji hawasemaka. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza homoni ya namna hiyo wenyewe. Ukiuletea mwili homoni kutoka inje kwa muda murefu, zile tezi zinalala. Siku unaacha kwa gafula, haziamuke mara moja. Wiki tatu mbele ya arusi, vidonge vikamuishia, na yule muuzaji hakukuwa na vingine. Siku chache, kutapika, kizunguzungu, kisha akaanguka jikoni. Ku lopitali walikuta tansio iko chini sana. Munganga alimuuliza mara tatu anatumia dawa gani. Mara tatu akasema hakuna, mama mukubwa amesimama pembeni. Ni mimi nilifungua sakoshi.

Walimurudishia ile ile dawa, kisha wakaipunguza pole pole, wiki kwa wiki. Kama kati yenu kuna anayeimeza toka muda murefu, asiache kesho asubuhi kwa sababu amenisoma. Aende kwa munganga, na aseme ukweli.

Nakuja kwa kundi la pili. Katika makundi yetu ya telefone sipitishi wiki bila kupata rejimu mupya: maji ya limau ya moto asubuhi, chai ya kushusha tumbo, na hasa ile amri kubwa, acha bugali usiku. Wenye kuzituma wanaona wameshatoka katika ujinga wa mama mukubwa. Mimi naona wamekaa katika ile ile sebule, wamegeuza tu viti.

Rafiki yangu mumoja aliacha bugali wiki moja, akapoteza kilo mbili, akatuma foto ya balansi. Tulimupigia makofi. Lakini mwili unaweka akiba ya sukari katika ini na misuli, kama nusu kilo hivi, na kila gramu ya ile akiba inakaa na karibu gramu tatu za maji. Ukipunguza wanga, akiba inaisha na maji yake yanatoka. Siku ya Mungu alikula kwa shangazi yake, na siku ya kwanza kilo zake zilikuwa zimerudi. Alilia, maskini, akasema hana nia ya nguvu. Nia yake ilikuwa nzuri, ni hesabu iliyomudanganya. Ile chai ya tumbo nayo mara nyingi ni dawa ya kuharisha tu: mafuta yanabaki pale yalipo, maji na chumvi njo vinakimbia.

Na juu ya bugali, mimi kama mutu wa mazao ninakataa hukumu. Gramu moja ya wanga ina kalori 4 hivi. Gramu moja ya mafuta, yawe ya mawese ao ya chupa, ina 9. Tunahukumu bugali, na kijiko kikubwa cha mafuta kinapita juu ya sombe mara tatu, mara ine, na sambaza zinaogelea katika sufuria kuliko zilivyoogelea katika ziwa. Ongezeni chupa ya kola ya sentilita 33: gramu karibu 35 za sukari, na hazishibishi mutu. (Musiende sasa kufukuza mawese nyumbani! Ile rangi nyekundu ni asili ya vitamini A, na mutoto wa Walungu anaihitaji.)

Wengine watanijibu na ile hesabu ya waganga: kilo ugawanye kwa urefu mara urefu, ukipita 25 umezidi, chini ya 18,5 umepungua. Inasaidia, sikatai. Ila aliyeianzisha, Adolphe Quetelet, alikuwa Mubelji wa nyota na takwimu, mbele ya katikati ya karne ya 19. Hakuwa munganga, alikuwa anatafuta mutu wa wastani. Ni mwaka 1972 tu Ancel Keys na wenzake walipoipa jina inalobeba leo. Inaeleza kundi la watu vizuri kuliko mutu mumoja, na haijui kama kilo ni za misuli, mafuta, mutoto tumboni ao uvimbe. Kwa ng'ombe tulifundishwa adabu zaidi: unapapasa mbavu, mugongo na mifupa ya nyuma, kisha unatoa alama toka 1 mpaka 5. Ngombe wa 5 hakuna anayemupongeza, juu atapata taabu ya kuzaa. Na kazi ya kunonesha tulijua ni ya nani: ya muchinjaji.

Tumbo kubwa linafuatana kweli na sukari na tansio. Utepe wa fundi kiunoni na mashine ya tansio vinaweza kukuambia mengi ambayo jicho la mugeni haliwezi. Ile mashine iko katika vituo vingi vya afya. Dada yangu hakuwa amepimwa hata mara moja katika ule mwaka wa pongezi.

Arusi ilifanyika, muezi moja nyuma ya tarehe ya kwanza. Fundi alipunguza robe pande zote mbili. Leo dada anapanda toka barabarani mpaka kwake na mufuko wa unga mukononi, bila kushika ukuta. Ila ku sebule mama mukubwa ametundika foto ya siku ya kutoa mali, ile ya mashavu. Mugeni akiingia na kumuulizia binti yake, anainua kidole kuionyesha. « Hapo, » anasema, « hapo njo alikuwa na afya. »