Picha kali, ila tope liko wapi?
Wadau, nimezitazama tena picha za angani za Garth Lenz: msitu wa boreali wa Alberta, Kanada, na machimbo ya mchanga wa lami yaliyoutoboa. Zinashtua, na ndiyo kazi yake. Ila zinaficha jambo moja. Kaboni nyingi ya msitu huu haiko kwenye miti. Iko chini, kwenye mabaki ya mimea yaliyolowa maji yakashindwa kuoza vizuri kwa maelfu ya miaka. Ukiitazama kutoka juu tu, utadhani kupanda miti upya kunatosha. Hakutoshi! Udongo ule ukishachimbwa, mjukuu wako hatauona ukirudi. Basi wapigapicha washuke chini, watuonyeshe na tope.