Fundi Anayepima

Ukifika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wa Nairobi bado huiita Grogan, hukosi betri ya pikipiki. Kununua ni rahisi kuliko kujua kama unahitaji kununua. Ndiyo maana namvulia kofia fundi wa waya wa Kawangware au Kangemi ambaye, kabla hajakutuma mjini kutafuta betri, kwanza hutoa mita.

Tazama anavyofanya. Pikipiki imezimwa na kupumzika. Waya mwekundu wa mita anaugusisha kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Betri ya volti 12 ina vyumba sita vya risasi na asidi, kila kimoja kikitoa volti mbili na ushei, hivyo ikijaa husoma 12.6 au zaidi kidogo. Hii inasoma 12.0. Fundi mwenye pupa angekwisha kuihukumu. Huyu anajua kwamba betri yenye njaa si lazima iwe mbovu, basi anaichaji kwanza na kuendelea kuuliza.

Anabonyeza staata huku jicho likiwa kwenye tarakimu. Betri iliyojaa ikiporomoka chini ya volti 9, imechoka kweli. Ikistahimili, anawasha injini, anawasha taa, anavuta mafuta kiasi. Sasa mita yapasa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, chaji haifiki: atafuata koili, soketi na regyuleta. Ikipita 15, regyuleta imeshindwa kuzuia umeme, na betri mpya ingechemshwa ikafa kama ile ya kwanza.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Ncha moja ya mita anaiweka kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, kisha anabonyeza staata. Njia ikiwa safi, mita husoma karibu na sifuri. Ikionyesha nusu volti au zaidi, umeme unapotelea njiani. Anafungua bolti ya athi, anaikuta ina kutu, anaipiga msasa mpaka chuma king'ae, anaikaza. Pikipiki inawaka kwa betri ileile.

Hapo ndipo wateja wengi humdhulumu. Kwa kuwa hakuna kipuri kilichobadilishwa, wanaona hakufanya kitu, wanamtupia shilingi za chai. Wanasahau kwamba amewaokolea bei ya betri, na kwa mwenye boda anayelipa mkopo kila siku, hilo si jambo dogo.

Ndugu mwenye boda, kabla hujanunua betri, dai vipimo vitatu: injini ikiwa imezimwa, staata ikibonyezwa, na injini ikinguruma. Kisha mlipe fundi kwa kupima, hata asipobadilisha kitu. Kujua ugonjwa ni kazi, tena ndiyo kazi kubwa zaidi ya ufundi.