Sikio la Mpita Njia: Nadharia ya Kubadili Msimbo Ipimwapo Nakuru

Mwaka 1993 Carol Myers-Scotton alichapisha vitabu viwili vilivyotegemea sana mifano ya Kenya, hasa mazungumzo yaliyonaswa Nairobi. Duelling Languages kilihusu sarufi ya sentensi zilizochanganya lugha. Social Motivations for Codeswitching kilihusu sababu za kuchanganya. Tangu hapo wanaisimu wengi wa Afrika Mashariki huvinukuu pamoja kama doti ya kanga, kana kwamba mtu hawezi kujitanda kipande kimoja akaacha kingine. Yafaa vitenganishwe, kwani mazingira ya Nakuru yanavitolea hukumu mbili tofauti.

Dai la kitabu cha kwanza ni kwamba lugha mbili zikutanapo katika sentensi moja hazigawani kazi sawasawa. Moja hutoa kiunzi, yaani mpangilio wa maneno na viambishi vya kisarufi. Ya pili hutoa maneno ya kujazia kiunzi hicho. Mkulima wa Njoro asemapo nita-confirm kesho, au karani wa mjini asemapo hawaja-reply, nafsi, njeo na ukanushi vyote ni vya Kiswahili. Dai limethibitika. Hata hivyo, tazama si-remember. Nakumbuka hukanushwa kuwa sikumbuki, kwa kugeuza irabu ya mwisho. Kitenzi cha Kiingereza hakiipokei irabu hiyo. Je, kiunzi kimevunjika? La. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu navyo havigeuki: sifikiri, sisamehe, sijibu. Kinacholaumiwa kuwa uzembe wa vijana ni njia ya zamani ya Kiswahili ya kupokea wageni, na wanaosikitikia usafi wa lugha wangefanya vyema kuvikumbuka vitenzi hivyo vitatu.

Kitabu cha pili ndicho chenye taabu. Humo lugha huchaguliwa kwa kuzingatia haki na wajibu baina ya wazungumzaji: kila hali ina chaguo linalotarajiwa, na anayelikiuka hudai uhusiano mpya. Lugha ya mama, kwa kawaida, huashiria udugu. Kiswahili hufaa baina ya watu wa makabila mbalimbali.

Lakini Kiswahili cha Bonde la Ufa hakikuanza kama lugha isiyo na upande. Katika mashamba ya walowezi kilikuwa lugha ya amri. Lahaja hiyo ya Kisetla, ambayo Anthony Vitale aliichunguza mwaka 1980, ilikuwa na upatanisho wa ngeli uliopukutika, na ilisemwa na bwana kwa mtumishi. Vibarua waliotoka Kiambu, Nyanza na nchi ya Waluhya waliitumia Kiswahili chao wao kwa wao, na watoto wao wakakipata uani na sokoni, pamoja na lugha ya nyumbani au hata kabla yake. Kwa mtoto wa namna hiyo, kuuliza ipi ni lugha yake ya kwanza ni kumtaka achague kati ya vitu alivyopewa kwa mkono mmoja.

Kisha yakaja mapigano ya Molo ya mwaka 1992, na yale ya Nakuru na Naivasha ya Januari 2008. Katika nyakati hizo lugha ya mama iligeuka kitambulisho kisichoweza kutiwa mfukoni. Tuchukue wanawake wawili wanaozungumza Kigikuyu au Kikipsigis katika matatu, kisha wakahamia Kiswahili abiria wa tatu anapoketi nyuma yao. Hawakumsemesha, wala yeye hakuwasemesha. Kwa nadharia, wameupunguza udugu wao au wamedai hadhi mpya. Hawakufanya lolote kati ya hayo. Udugu wao ndio wanaoufunika. Ni kweli kwamba Myers-Scotton alitambua pia chaguo la kujaribia, pale kaida isipojulikana. Hapa, hata hivyo, kaida inajulikana vyema mno.

Allan Bell, mwaka 1984, aliwapanga wasikilizaji kwa umbali: anayesemeshwa, aliyemo mazungumzoni bila kusemeshwa, anayesikia kwa kupita, na mdukizi. Kwa maoni yake, kadiri msikilizaji anavyokuwa mbali ndivyo nguvu yake juu ya msemaji inavyopungua. Mpango huo unafaa zaidi mfano wetu, ila katika hali ya hofu ngazi zake hupinduka: asiyejulikana ndiye anayeamua. Na uamuzi wake haukomei kwenye lugha. Matamshi ya r na l, au ya b na p, huweza kumfichua msemaji ndani ya Kiswahili chenyewe, hivyo anayebadili msimbo kwa kujihifadhi analazimika pia kuuchunga ulimi wake sauti kwa sauti. Mzigo huo wa kuchakata lugha haumo katika kitabu chochote kati ya hivyo viwili.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na bila shaka watafiti watazidi kuijia na vinasa sauti. Jedwali lao, lenye safu ya msemaji na safu ya msemeshwa, linahitaji safu moja zaidi, ya waliokuwapo bila kusemeshwa.