Herufi Mgongoni na Herufi Ukutani

Msomaji, ukitoka Malindi kwa njia iendayo Lamu, utapita Garsen, mji mdogo wa bonde la mto Tana. Ukishuka hapo, usinunue kitu kwanza; tazama maandishi. Wengi hudhani herufi ni chombo cha kuchukulia maneno tu, kama kata ichukuavyo maji. Sivyo. Umbo la herufi lina kauli yake.

Anza na kanga. Ina pindo, mji na jina. Zamani jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo Waswahili walizitumia karne nyingi. Siku hizi aghalabu ni herufi kubwa za Kirumi, nene, zisizo na pambo. Pindo na mji hujaa maua na mikorosho, lakini jina hukaa wazi. Hiyo naiona busara kubwa ya mchoraji. Kanga husomwa kiunoni mwa mtu anayekwenda, tena nguo ina mikunjo. Herufi ya madaha ingepotea. Zaidi ya hayo, herufi kubwa hazina uso wa hasira wala wa mapenzi, basi fumbo hubaki fumbo: mke mwenza alisomaye hawezi kuapa kuwa ametajwa yeye. Na kanga za duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa zina chapa ya mwenyewe, Mali ya Abdulla, lakini kwa herufi ndogo, pembeni. Mwenye mali amempisha mvaaji.

Sasa geukia maduka. Tangu huduma ya M-Pesa ianze mwaka 2007, kuta nyingi katika miji ya Kenya zimepakwa kijani. Herufi zake zilichorwa mbali, kwa kipimo kimoja, zionekane sawa Kisumu na pwani. Fundi wa vibao, aliyeandika jina la duka kwa brashi na kuacha mkono wake katika kila herufi, mara nyingi hubakiwa na nafasi ya kiganja. Sisemi rangi hiyo ni mbaya. Mgeni mwenye haja ya fedha huijua kwa mbali, hata asiyejua kusoma. Lakini hapa mwenye chapa ametandaa, na mwenye duka ndiye aliyejikunja pembeni. Mtoto wa Kipokomo au wa Kiorma ajifunzaye kusoma njiani, jina kubwa la kwanza alionalo si la baba yake wala la jirani.

Ukipita hapo, msomaji, litafute jina la mwenye duka kabla hujapiga hodi.