Kilichopunguzwa Ndani ya Kibodi Isiyo na Waya

Seti ya bei ya chini ya kibodi na kipanya visivyo na waya ina malalamiko yake ya kawaida, na hayabadiliki sana iwe inatumika kwenye hosteli za Banda, kwenye ofisi za Chuo Kikuu cha Kyambogo nchini Uganda au kwa wachapaji wanaowahudumia wanafunzi nje ya geti. Mshale unarukaruka. Herufi ya kwanza inamezwa, kisha nyingine inajirudia mara tatu. Betri ya kipanya inakwisha mapema huku ya kibodi ikiendelea kana kwamba haitumiki. Alama za A na E zinafutika. Hukumu inayotolewa ni moja: cha rahisi ni ghali, mtengenezaji katuibia. Naipinga hukumu hiyo, na si kwa kumwonea huruma mtengenezaji. Naona anashtakiwa kwa makosa ambayo mengi si yake, wakati kosa lake halisi linapita bila shahidi. Mtumiaji ni shahidi mzuri wa anachokigusa. Bei ya seti hizi imeshushwa kwa kumuumiza mnunuzi mahali ambapo kidole hakifiki, yaani katika usiri wa mawimbi yanayobeba kila herufi anayoichapa.

Tuanze na betri. Chini ya kipanya kuna taa na kamera ndogo sana inayopiga picha za uso wa meza zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde, na chipu inalinganisha picha hizo ili ijue mkono umeelekea wapi. Kazi hiyo inakula umeme muda wote kipanya kinaposogezwa. Kibodi haina kazi kama hiyo. Inalala, inaamshwa na kubonyezwa, inatuma herufi, inalala tena. Ndiyo maana betri zake hudumu kuliko za kipanya, na ndiyo maana baada ya kimya kirefu herufi ya kwanza hupotea: imeangukia kwenye sekunde ya kuamka. Taa ya Caps Lock iliyoondolewa kwenye kibodi nyingi za aina hii nayo ina sababu, kwa kuwa taa moja inayowaka mfululizo ingekula umeme mwingi kuliko chipu iliyolala. Haya ni maamuzi ya mhandisi aliyepewa betri mbili ndogo na kuambiwa azidumishe miezi mingi, na kwa maoni yangu aliamua vizuri. Alama zinazofutika ni uchapishaji wa wino mahali pa leza, na kwa anayechapa bila kutazama hazina uzito wowote.

Kuna punguzo moja la umbo, hata hivyo, ambalo Kyambogo ina haki ya kulilalamikia kuliko mahali pengi. Chuo hiki kiliundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, na mojawapo ilikuwa Taasisi ya Taifa ya Elimu Maalumu. Kwa msomaji asiyeona anayetumia programu za kusoma skrini kama JAWS au NVDA, kutokuwepo kwa taa si tatizo, maana programu inamtamkia hali ya Caps Lock. Anachohitaji ni vinundu vya F na J viwe wazi chini ya kidole, na kitufe cha Insert kiwe mahali pake, kwa sababu programu hizo mbili hutumia Insert kama ufunguo wa amri zao nyingi. Kibodi zilizofupishwa ili kuokoa plastiki mara nyingi hukihamishia Insert chini ya kitufe cha Fn au kukiondoa kabisa. Mnunuzi anayeona hatagundua, na anayenunua kwa niaba ya mwenzake asiyeona huenda asigundue hadi seti imefika darasani.

Mshale unaorukaruka na herufi zinazopotea ni suala la redio. Seti hizi hufanya kazi kwenye bendi ya gigahezi 2.4, ambayo ni ya wote: Wi-Fi imo, Bluetooth imo, hata jiko la maikrowevu humwaga kelele zake humo. Chipu iliyoenea sana katika vifaa vya namna hii, nRF24L01 ya kampuni ya Nordic Semiconductor, hutuma kwa nguvu isiyozidi miliwati 1, ilhali ruta ya Wi-Fi inaweza kufika miliwati 100 kwenye bendi hiyohiyo. Katika chumba cha hosteli chenye ruta na kompyuta kadhaa, kipanya kinanong'ona katikati ya soko. Lakini adui mkubwa mara nyingi ni tundu lenyewe la USB. Mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo ya kiufundi yakionyesha kwamba vifaa vya USB 3.0, pamoja na matundu na nyaya zake, hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye gigahezi 2.4 na kuweza kupandisha kiwango cha kelele humo kwa takriban desibeli 20. Chomeka kipokezi, kile kidude cha USB kinachopokea mawimbi ya seti, kando ya diski ya nje inayonakili mafaili, na kipanya kitaonekana kibovu. Kichomeke nyuma ya kompyuta ya mezani yenye sanduku la chuma, na mwili wa kompyuta utasimama kati ya kipanya na kipokezi. Tiba ni waya mfupi wa kurefusha USB unaokileta kipokezi juu ya meza. Mtu anaweza kusema kwamba kifaa cha bei kubwa hakihitaji waya huo. Kweli, baadhi hujua kuruka kutoka chaneli yenye fujo kwenda nyingine kwa ustadi zaidi. Hata hivyo sheria za fizikia ni zilezile kwa wote, na maelezo ya Intel hayakubagua vifaa kwa bei.

Sasa tuje kwenye kosa lisilolalamikiwa. Chipu kama nRF24L01 hutuma data jinsi ilivyopewa. Kuisimba ili mwingine asiisome ni kazi ambayo mtengenezaji wa kibodi lazima aiongeze mwenyewe, kwa programu yake, na kwa ufunguo wa siri utakaowekwa kwenye kibodi na kipokezi kabla ya kufungwa boksini. Kazi hiyo ina gharama na haionekani dukani, kwa hiyo ni rahisi kuiacha. Mwaka 2007 watafiti Max Moser na Philipp Schrödel walionyesha kwamba baadhi ya kibodi za Microsoft za megahezi 27 zilisimbwa kwa ufunguo wenye thamani 256 tu, ambazo kompyuta huzijaribu zote kwa kufumba na kufumbua. Mwezi Julai 2016 kampuni ya usalama ya Bastille ilitangaza jambo baya zaidi: kibodi za bei nafuu za watengenezaji wanane, zikiwemo zenye majina ya Toshiba, Kensington na Hewlett-Packard, zilikuwa zikituma kila herufi bila kusimbwa kabisa. Msikilizaji mwenye vifaa vya chini ya dola 100 aliweza kuzinasa kutoka umbali wa futi 250, yaani kama mita 75. Vipokezi vya kibodi hizo, isitoshe, vilitoa mawimbi muda wote, hivyo vilijitangaza hata mwenye kibodi akiwa hachapi. Na kwa kuwa programu ya ndani haikuweza kubadilishwa, hapakuwa na marekebisho ya kupakua. Kifaa kilichouzwa hivyo kitabaki hivyo.

Pingamizi la kwanza ni kwamba hakuna atakayeketi Banda na redio akisubiri maneno ya siri ya mwanafunzi. Mwizi atamtazama begani au kumpora simu. Kwa mwanafunzi anayetumia seti yake kutazamia filamu, nakubali. Tatizo liko kwa anayechapa siri za wengine. Mchapaji wa nje ya geti anaingiza nywila za wateja kwenye tovuti ya chuo, namba zao za vitambulisho na barua zao za kuomba kazi. Mhadhiri anaandika mtihani. Kwa kibodi za aina ile iliyotangazwa mwaka 2016, mita 75 zinatosha kuvuka barabara na kuingia jengo la pili. Tena sheria ya Uganda ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019 inamdai anayekusanya taarifa za watu azilinde, na haimsamehe kwa kuwa kibodi ilikuwa ya bei nafuu.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: hata waya haufichi. Mwaka 2009 Martin Vuagnoux na Sylvain Pasini wa chuo cha EPFL huko Uswisi walisoma herufi za kibodi za waya kutoka umbali wa hadi mita 20 kwa kunasa mawimbi yanayovuja. Ni kweli, ila kazi yao ilidai antena na uchambuzi wa hali ya juu wa ishara dhaifu, ilhali kibodi isiyosimba inamfanyia msikilizaji kazi yote. Bluetooth nayo imewahi kutobolewa. Mwezi Desemba 2023 Marc Newlin, mtafiti yuleyule aliyeshughulikia vipokezi vya 2016, alionyesha namna ya kuingiza herufi za uongo kupitia Bluetooth kwenye Android, Linux na mifumo ya Apple. Tofauti ni kwamba tundu lile lilikuwa kwenye mfumo endeshi, mahali panapoweza kuzibwa kwa masasisho. Tundu la kipokezi kisichosasishika halizibwi ila kwa kukitupa.

Wengi hufikia suluhu ya katikati, kibodi ya waya na kipanya kisicho na waya, wakiamini kwamba mienendo ya mshale haina siri. Inazuia usikilizaji. Haizuii kila kitu, kwani mwezi Februari 2016 Bastille ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba baadhi ya vipokezi vya Logitech, Dell, Lenovo na wengineo, hata vya kipanya pekee, hupokea herufi kutoka kwa mgeni anayejifanya kipanya, akiwa na kifaa cha dola 15. Logitech ilitoa marekebisho. Vipokezi vingine vingi havikuwa na njia ya kuyapokea. Kwa duka la kuchapa, hivyo, kibodi ya waya ndiyo ya kwanza, skrini ifungwe mchapaji anapoinuka, na kipokezi cha kipanya king'olewe duka linapofungwa. Anayetaka lazima seti isiyo na waya atafute boksi linalotaja usimbaji wa AES wa biti 128. Boksi likitaja tu umbali wa mita 10 na miezi ya betri, mwenye kuchapa siri za watu asilinunue.